Tutalala wapi kati ya Sumbawanga na Kigoma? Jibu kwa waendesha pikipiki wawili

Swali: Mwezi wa Juni tunatoka Iringa kwenda Kigoma, mimi na rafiki yangu, kila mmoja na Boxer 150 yake. Hadi Mbeya hatuna wasiwasi, lakini tumeambiwa kwamba ukishapita Sumbawanga ni mapori marefu na hakuna hoteli. Je, tubebe hema? Mahali salama pa kulala tutapajuaje, na pikipiki tuziweke wapi usiku?

Jibu: Hema moja jepesi la watu wawili linatosha, na likirudi Iringa bila kufunguliwa msihesabu kuwa ni hasara. Njia hiyo ina vitanda vya kutosha. Tatizo ni kwamba vitanda vimekaa makundi makundi, na kati ya kundi na kundi kuna pori au hifadhi. Mtu anayelala vibaya kule mara nyingi ni yule ambaye giza limemkuta katikati ya makundi mawili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtalala wapi, jiulizeni mtakuwa wapi saa 9 alasiri.

Gesti haijengwi kwa ajili yenu. Inajengwa pale ambapo kuna mtu mwingine mwenye sababu ya kulala: dereva wa lori, mfanyabiashara wa mahindi, mtumishi aliyekuja semina wilayani, ndugu wa mgonjwa, abiria anayesubiri treni au basi la alfajiri. Mkiitazama ramani kwa jicho hilo mtaona vitanda hata pale ambapo simu haioneshi hoteli yoyote. Makao makuu ya wilaya yana gesti, karibu bila kukosa. Vivyo hivyo stesheni ya reli, njiapanda ya barabara kuu mbili, mji wenye hospitali ya misheni, na kijiji chenye soko kubwa la mazao au mnada wa ng'ombe. Lakini kijiji cha wakulima kilichonyooka kando ya barabara kwa kilomita tatu kinaweza kukosa hata kitanda kimoja cha kukodisha, kwa sababu kila anayefika hapo ana ndugu wa kumpokea.

Tuifuate njia yenu. Mbeya hadi Tunduma ni kama kilomita 100, na Tunduma hadi Sumbawanga ni kama 225, kwa hiyo Mbeya hadi Sumbawanga ni siku moja kamili ya lami kwa pikipiki iliyobeba mzigo. Mkichelewa kutoka Mbeya, laleni Vwawa, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe, kabla hamjafika Tunduma. Tunduma ni mpaka: foleni za malori, kelele usiku kucha, vyumba ghali kuliko thamani yake, na ua zimejaa mizigo hadi pikipiki haina pa kukaa. Mkishaipita Tunduma, kituo cha akiba ni Laela, mji mdogo ulio katikati ya safari ya kwenda Sumbawanga. Sumbawanga yenyewe ina gesti na nyumba za wageni za makanisa za kila kiwango. Mjiandae kwa baridi: mji uko juu ya tambarare ya Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni blanketi moja la gesti halitoshi. Ombeni la pili mapema kabla wageni wengine hawajayamaliza.

Hapo kwenye baridi kuna jambo la kusisitiza. Mhudumu mwenye huruma anaweza kuwaletea jiko la mkaa chumbani. Mshukuruni, kisha mliache nje. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki kwa kukohoa, anazidi tu kulala.

Sumbawanga hadi Mpanda ni kama kilomita 240, na hiki ndicho kipande cha kupangia saa kwa makini. Mwanzo ni rahisi: Chala iko njiani, na Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, inafikika kwa kukengeuka kuelekea magharibi. Mbele yake barabara inaiacha tambarare na kuteremka kwenye Bonde la Rukwa, joto linapanda, na mbele yenu kunakuwa na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Barabara ya umma inapita ndani ya hifadhi hiyo. Mtapita tu: hakuna kuingia njia za pembeni, hakuna kutandika mkeka chini ya mti, na hakuna kulala. Tembo, nyati, simba na viboko wamo, tena viboko wengi. Hata mkitaka kusimama, mbung'o watawafukuza. Mdudu huyu hufuata chombo kinachotembea, hupenda rangi ya bluu na nyeusi, na huuma kupitia shati jembamba. Vaeni rangi ya kaki au kijivu.

Kanuni ya kipande hiki: Kibaoni, kijiji kilicho upande wa kusini wa hifadhi, ndicho mahali pa kufanya uamuzi. Mkifika hapo kabla ya saa 8 mchana, jazeni mafuta, kaguani tairi, mwende. Mkifika baada ya saa 9, laleni upande huo huo wa kusini. Pancha moja hula dakika 40 hata kwa mtu mwenye vifaa, na jioni ndipo wanyama wanapoanza kusogea barabarani. Upande wa pili wa hifadhi mnapokelewa na Sitalike, kijiji kidogo kando ya mto Katuma, kikiwa na nyumba chache za wageni zinazoishi kwa watalii wa Katavi. Kiangazi maji yakipungua viboko hujikusanya mtoni hapo kwa wingi, na usiku hutoka kula majani. Kwa hiyo mkilala Sitalike, chumba chenye choo ndani kina thamani kuliko kilicho nafuu chenye choo cha uani, na kama ni lazima kutoka, mulikeni kwanza kwa tochi kushoto na kulia kabla ya kushuka baraza. Kutoka Sitalike hadi Mpanda ni chini ya saa moja.

Mpanda ni mji wa kupumzikia. Una reli ya tawi kutoka Kaliua, una wafanyabiashara wa tumbaku na madini, kwa hiyo una vitanda vingi. Kagueni pikipiki hapo, kwa sababu kipande kinachofuata, Mpanda hadi Uvinza, ni karibu kilomita 200 za miombo na makazi yaliyotawanyika. Kimekuwa kikitiwa lami kwa vipande, hivyo mtakutana na lami, kifusi na michepuko ya ujenzi siku hiyo hiyo. Hesabuni wastani wa kilomita 35 kwa saa pamoja na vituo, yaani saa sita hivi. Mkitoka saa 1 na nusu asubuhi, mko Uvinza saa 7 na nusu mchana bila kukimbizana na jua. Katikati kuna Mishamo, makazi makubwa yaliyoanzishwa kwa wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Wekeni akilini kama mahali pa kuomba msaada, si pa kupangia kulala. Ukanda wote huu, hadi ndani ya Mkoa wa Kigoma, ukaguzi wa vitambulisho ni wa kawaida. Kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni, si chini ya begi lililofungwa kwa mpira, na leseni na kadi ya pikipiki viwe pamoja nacho.

Uvinza ni mji wa chumvi na wa reli ya kati, na wachukuzi wa chumvi ndio waliozijengea gesti zake sababu. Si za kifahari, ila zipo. Kutoka hapo hadi Kigoma ni kama kilomita 100, na Kigoma na Ujiji hamtahitaji maelekezo yangu.

Sasa saa. Kule magharibi jua linazama baadaye kuliko mlivyozoea: kati ya Iringa na Kigoma tofauti ni kama dakika 25, na ukilinganisha na Dar es Salaam ni kama 40. Msifikiri mmezawadiwa muda, kwa sababu asubuhi nayo huchelewa. Juni, Mpanda na Kigoma jua huchomoza baada ya saa 1 kamili. Mkizoea kuondoka saa 12 Iringa, kule mtaondoka gizani, na giza la alfajiri lina ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika katikati ya njia yakiwa yamewekewa matawi tu kama alama.

Fanyeni hivi. Saa 9 alasiri, popote mlipo, simameni kwenye kijiji kinachofuata na ulizeni: mbele kuna gesti wapi, na ni mwendo gani kwa pikipiki? Ulizeni kwa muda, siyo kwa kilomita. Watu wengi wa njiani hawapimi kilomita, lakini dereva wa bodaboda anajua vizuri kwamba ni dakika 50. Ulizeni watu wawili, kwanza bodaboda, kisha mama ntilie. Bodaboda anajua gesti zote lakini nyingine humpa kamisheni. Mama ntilie hapati faida yoyote kwa kuwaelekeza, na anajua ni ipi ambayo wateja wake hulalamikia asubuhi. Saa 10 na nusu muwe mmeamua. Saa 11 na nusu injini izimwe. Hapo mnabaki na zaidi ya saa moja ya mwanga, na saa hiyo ndiyo inayoiokoa safari ya kesho, kama nitakavyoeleza kwenye sehemu ya pikipiki.

Kuna siku ambazo gesti zote za mji mdogo hujaa na mkashangaa kwa nini. Mwenge wa Uhuru ukilala wilayani, vyumba huwekwa na ofisi siku kadhaa kabla. Mbio zake huanza Aprili na kuisha Oktoba, kwa hiyo Juni mko ndani ya msimu. Mnada wa ng'ombe hujaza kijiji usiku mmoja na kukiacha kitupu kesho yake. Msimu wa mahindi wa Rukwa na masoko ya tumbaku ya Katavi huleta wanunuzi wanaokodi chumba kwa wiki nzima. Mkandarasi wa barabara anaweza kuchukua gesti nzima kwa miezi. Dawa ni simu moja: mkiondoka Sumbawanga, mwombeni mhudumu wa gesti yenu namba ya gesti ya Mpanda. Wahudumu wanafahamiana kuliko intaneti inavyowafahamu. Pigeni saa 4 asubuhi, semeni mko wawili na pikipiki mbili, na ulizeni swali moja kabla ya bei: pikipiki zinalala ndani ya geti?

Bei hubadilika, lakini kwa gesti za kawaida za wilayani tegemeeni kama shilingi 10,000 hadi 15,000 kwa chumba cha choo cha nje, na 20,000 hadi 35,000 kwa chumba cha self. Bebeni taslimu ya siku mbili, tena noti ndogo. Wakala wa pesa za simu yupo kila mahali, ila jioni wakala wa kijijini huwa ameishiwa fedha taslimu, na gesti nyingi hazina chenji ya 10,000.

Msilipe kabla ya kuona chumba. Mhudumu mzuri hataudhika mkisema, "Dada, tuoneshe kwanza." Akiuliza kama "mnapumzika au mnalala," mmefika kwenye gesti ya muda mfupi, milango itagongwa usiku kucha, na shuka hubadilishwa kwa kubahatisha. Ageni kwa heshima. Gesti yenye baa mbele nayo iacheni, hata kama chumba ni kizuri. Muziki unakwisha saa 8 usiku, na walevi wanapenda sana kukalia pikipiki za wageni na kuchezea gia. Inayotazamana na stendi ina tatizo lake: mabasi huanza kupiga honi saa 10 alfajiri. Tafuteni mtaa wa pili au wa tatu nyuma ya stendi.

Ndani ya chumba, anzeni na mlango. Kitasa kifanye kazi, na kuwe na komeo la ndani. Mengi yameng'olewa skrubu zake na mgeni aliyepita, kwa hiyo bebeni kabari ya mbao, kipande cha sentimita 10 kilichochongwa upande mmoja. Mkikisukuma chini ya mlango, hakuna anayeingia bila kelele. Dirisha liwe na nondo, na kitanda kisikae chini ya dirisha kiasi kwamba mkono unaweza kufika kwenye begi. Kisha kunguni. Msiweke begi kitandani wala sakafuni kabla hamjamaliza. Nyanyueni godoro, mulikeni kwa tochi mishono na pembe zake, halafu viungo vya kitanda na mpasuko wa ukuta ulio karibu na mto. Mnatafuta vidoadoa vyeusi kama ncha ya kalamu, magamba ya rangi ya chai, au wadudu wenyewe. Mkiona dalili, badilisheni gesti, si chumba. Kunguni wa chumba namba 3 ni wa chumba namba 4 pia. Mkiwagundua asubuhi mkiwa mmeshang'atwa, nguo zote zifungeni kwenye mfuko wa plastiki peke yake, na mkifika mji mkubwa zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Chandarua kichunguzeni kwa kukinyoosha kwenye mwanga. Tundu dogo linafungwa kwa uzi au kwa kukunja na kubana kwa mpira. Sumbawanga baridi hupunguza mbu, lakini mkishateremka bondeni, na Katavi na Kigoma yote, malaria ni ya kweli. Kama chandarua kimeraruka, tumieni chenu. Kinabebeka kwenye mfuko wa nusu kilo.

Kitabu cha wageni kijazeni kikamilifu: jina, mnakotoka, mnakokwenda, namba ya kitambulisho. Polisi hukipitia, na kama lolote likiwapata, hilo ndilo andiko la mwisho linaloonesha mlikuwa wapi. Kama mhudumu hakukitoa, kiombeni. Kwenye nyumba za wageni za parokia na makanisa mengine taratibu ni kali kidogo: hakuna pombe, geti hufungwa mapema, na mwanamume na mwanamke wasio na ndoa hawapewi chumba kimoja. Kwa malipo ya masharti hayo mnapata usafi, utulivu na ua wenye ukuta, na kwa mwendesha pikipiki ua wenye ukuta ni nusu ya usingizi. Mkoa wa Rukwa una misheni nyingi za Kikatoliki za tangu enzi za wamisionari wa White Fathers. Fikeni mchana, ombeni kumwona paroko au sista anayehusika na wageni, na msiingize pikipiki ikinguruma wakati wa ibada. Izimeni getini, msukume.

Pikipiki sasa. Neno "parking ipo" halina maana mpaka muone. Ua mwingi una kizingiti cha sentimita 15 au 20, na Boxer yenye mzigo haivukishwi na mtu mmoja bila kuangusha. Pakueni mabegi kwanza, wekeni ubao kama daraja, mmoja ashike usukani na kutembea pembeni, mwingine asukume nyuma. Injini iwe imezimwa. Msivukishe kwa gia ya kwanza, maana tairi likiteleza kwenye ubao linaruka. Ziwekeni mbili zikigusana karibu, mgongo kwa mgongo, kisha mnyororo mmoja upite kwenye rimu ya nyuma ya zote mbili na kuzunguka nguzo au mti. Kufunga gurudumu la mbele peke yake hakusaidii kitu. Hilo hufunguliwa kwa nati moja. Loki ya usukani na koki ya mafuta mzifunge, na kofia ya plagi mnaweza kuichomoa mkalala nayo. Pikipiki yenye ekzosti ya moto msiisogeze kwenye ukuta wa makuti wala kwenye magunia. Isubirini nusu saa.

Mafuta huibwa kuliko pikipiki. Mpira wa kunyonyea na chupa ya lita moja na nusu vinatosha, na mtaligundua hilo katikati ya pori. Kila jioni andikeni kilomita na mkumbuke kiwango cha tangi kwa kuchungulia, kila asubuhi mchungulie tena. Kama mnabeba dumu la akiba, lisiingie chumbani hata mara moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye mshumaa au swichi. Liacheni nje kivulini, limefungwa na kamba kwenye pikipiki, na mlinzi aelezwe ni nini.

Ile saa moja ya mwanga itumieni hivi. Cheni ipakwe oili ikiwa bado ya uvuguvugu, kwa sababu oili huingia ndani ya viungo na usiku kucha inatulia. Ukipaka asubuhi na kuondoka, nusu inarukia rimu. Pitisheni kiganja kwenye tairi zote, mkitafuta msumari au mwiba. Gongeni spoki moja moja kwa spana: zilizokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Kaguani nati za keria, maana mzigo kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi huzilegeza kila siku. Kama kuna kasoro, fundi bado hajafunga. Pancha iliyogunduliwa saa 12 jioni huzibwa kwa elfu chache. Ileile ikigunduliwa saa 1 asubuhi inasubiri fundi aamke, anywe chai, na compressor ipate umeme. Na safari ya Uvinza inaanza saa 4, yaani mnajiandalia wenyewe giza la jioni.

Mlinzi mpeni salamu ya maana na shilingi 2,000, jioni, si asubuhi. Ya jioni ni ya kazi, ya asubuhi ni ya shukrani, na ninyi mnahitaji kazi.

Ikitokea mmekwama kwenye kijiji kisicho na gesti, msitafute kichaka. Tafuteni uongozi. Ofisi za serikali hufungwa saa 9 na nusu alasiri, sababu nyingine ya ile saa 9, kwa hiyo mkifika baadaye ulizeni nyumbani kwa mtendaji wa kijiji. Asipokuwepo, mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Zimeni pikipiki mbali kidogo na nyumba, vueni helmeti. Sura iliyofichwa inatisha watoto na kuwafanya wakubwa wasite. Pigeni hodi, shikamoo kwa anayestahili, kaeni mkiambiwa kaeni. Kisha maneno machache: tunatoka wapi, tunakwenda wapi, kimetupata nini, vitambulisho vyetu hivi hapa, tunaomba mahali salama pa kulala hadi asubuhi, hema tunalo. Hilo la mwisho hulainisha mambo, kwa sababu mnaomba kiwanja na ulinzi, hammlazimishi mtu kuhamisha watoto wake kitandani. Mara nyingi mtaelekezwa ofisi ya kijiji, uwanja wa zahanati, kanisani au msikitini, au shule ya msingi. Juni shule huwa likizo kwa sehemu kubwa ya mwezi, na darasa tupu ni zuri kuliko hema, ila ruhusa itoke kwa mwalimu mkuu au mtendaji. Shule yenye mabweni msiombe kabisa.

Umuhimu wa kujitambulisha si adabu peke yake. Maeneo mengi ya huko sungusungu au mgambo huzunguka usiku, na wizi wa ng'ombe huwafanya wawe wakali. Wageni wawili wasiojulikana, wenye pikipiki, waliolala kichakani, wana maelezo marefu ya kutoa saa 7 usiku. Mwenyekiti akijua mpo, sungusungu wanageuka kuwa walinzi wenu. Asubuhi msiulize "tunadaiwa kiasi gani," kwa mwenyeji ni kama kumwita mwenye gesti. Acheni kilo mbili za sukari na sabuni ya mche mlizonunua dukani kwake au kwa jirani. Kama ofisi inatoza ada, lipeni na mwombe risiti.

Hema lenyewe lisizidi kilo 3, lifungwe chini na mbele kadiri inavyowezekana, si nyuma ya keria ambako linanyanyua gurudumu la mbele kwenye mchanga. Mahali pa kulisimika: ardhi iliyofagiwa, karibu na watu. Juni hakuna mvua huko, na hatari mliyo nayo kwenye miombo ni moto. Majani makavu huchomwa makusudi kuandaa malisho, na upepo ukigeuka hauna breki. Msilale kwenye korongo la mchanga hata likivutia, wala kando ya mto au ziwa, wala kwenye kijia kilichokanyagwa laini kutoka majini. Hicho ni cha viboko. Chunguzeni siafu kabla ya kutandika; mstari mmoja mwembamba wa jioni unaweza kuwa jeshi usiku. Vyakula, hasa matunda na mahindi, visilale ndani ya hema mahali penye tembo. Na kumbukeni kwamba mapori ya akiba yana sheria kama hifadhi: kulala bila kibali ni kosa, hata kama hakuna geti wala kibao.

Mzigo wa kulalia uwe huu: shuka mbili zilizoshonwa kama mfuko, chandarua, kabari, kofuli lenu la milimita 40 kwa milango yenye pete, kandambili, tochi ya kichwa kila mmoja, kamba ya manila mita 10, turubai la mita 2 kwa 3, vidonge vya kutibu maji, na laini mbili za simu za mitandao tofauti. Kila jioni mtumieni mtu mmoja nyumbani ujumbe wenye vitu vinne: jina la kijiji, jina la gesti au la mtendaji aliyewapokea, mnakoelekea kesho, na saa ambayo akiwa hajawasikia aanze kupiga simu. Pale Mpanda, kabla ya kuwasha kwenda Uvinza, ujumbe huo utumeni mkiwa bado mjini, maana mbele mtandao hukatika kwa vipande virefu.